Kampuni huru ya filamu haianzi na kamera

Wengi hudhani ukishanunua kamera, tayari una kampuni ya filamu. Kamera hukodishwa. Kinachoikuza kampuni ni haki za kazi yenyewe. George Lucas, mwongozaji wa filamu wa Marekani aliyeanzisha kampuni ya Lucasfilm mwaka 1971, alikubaliana na studio ya Fox abaki na haki za muendelezo na bidhaa za filamu yake ya Star Wars, vitu ambavyo studio wakati huo iliviona makombo tu. Faida, pamoja na mkopo wa benki, ikamwezesha kugharamia mwenyewe filamu ya pili ya Star Wars, ya mwaka 1980. Mwaka 2012 Disney iliinunua Lucasfilm kwa takriban dola bilioni 4.

Kwa anayeanza, mambo hukwama mapema zaidi: mwandishi wa skripti asiposaini kukabidhi haki, msambazaji makini hataigusa filamu, hata iwe imepigwa kwa kamera ya bei mbaya.