Je, wajua kwa nini damu inaweza kutoboa siri ya ateri kabla haijaziba?

Mtu akifikishwa hospitalini na maumivu makali ya kifua, mara nyingi damu yake hupimwa troponini, protini inayokaa ndani ya misuli ya moyo. Msuli ukiumia, troponini huvuja na kuingia kwenye damu. Ni kipimo kizuri sana, lakini kinasema moyo umeshaumia. Watafiti wanatamani protini itakayosema mapema, wakati mgonjwa bado anapanda ngazi bila kuhema.

Protini hiyo inaweza kupatikana kwa sababu ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye moyo, haizibi kwa siku moja. Lehemu hupenya ndani ya ukuta wake, chembe nyeupe za damu huifuata ili kuimeza, nyingi hufia humo humo, na kwa miaka mingi hujengeka uvimbe wenye mafuta katikati na kifuniko cha nyuzi juu yake. Muda wote huo seli za ukuta hutoa protini, na vimeng'enya hutafuna kile kifuniko. Baadhi ya protini hizo na mabaki yake husombwa na damu inayopita. Habari imo kwenye damu. Kazi ni kuisoma.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Takriban nusu ya protini zote za plazma, yaani maji ya damu, ni albumini peke yake. Ukilinganisha uzito wake na ule wa intaleukini-6, protini ya kuamsha kinga ambayo watafiti wa ateri huifuatilia sana, albumini huizidi kama mara bilioni 10. Ni kama kumtafuta mtu mmoja kati ya watu wote walio duniani. Unaweza kuichuja albumini kwanza, lakini yenyewe hubeba protini nyingine mgongoni, kwa hiyo ukiitupa unatupa na abiria wake.

Njia mojawapo ni kuzikata protini kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho hukata mahali maalumu tu, kisha kupima uzito wa vipande kwa spektrometa ya masi. Kila protini huacha mpangilio wake wa vipande, mfano wa alama za vidole. John Fenn na Koichi Tanaka walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002 kwa kubuni namna ya kuzirusha molekuli kubwa kama hizi hewani zikiwa na chaji bila kuzisambaratisha. Wengine huanzia kwenye ugonjwa wenyewe: madaktari wakiondoa uvimbe kwenye ateri ya shingo, protini zake hulinganishwa na za ateri yenye afya, kisha zile zilizozidi husakwa kwenye damu.

Tuseme imepatikana protini iliyopanda kwa wagonjwa. Je, ndiyo inayowaumiza? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kuna protini ambazo ni vumbi tu lililotimuliwa na upepo. CRP, protini inayotengenezwa na ini na kujulikana tangu 1930, hupanda kwa watu walio katika hatari ya mshtuko wa moyo. Hata hivyo, waliozaliwa na jeni zinazoiweka juu maisha yao yote hawakuonekana kuugua zaidi. Inaonya, lakini haionekani kuwa chanzo. Protini nyingine, PCSK9, ni kinyume chake: waliozaliwa na jeni inayoidhoofisha wana kiwango cha chini cha lehemu mbaya na huugua moyo mara chache, na dawa za kuizuia zimekuwa zikitumika tangu 2015. Kwangu mimi tofauti hii ina uzito kuliko mashine zote, maana kiashiria cha kwanza kinakuambia nani afuatiliwe kwa karibu, na cha pili kinakuonyesha cha kutibu.

Kuna sharti jingine: damu iwe imetolewa kabla ya ugonjwa. Ndiyo maana hazina kama UK Biobank ya Uingereza ina thamani kubwa. Kati ya 2006 na 2010 ilikusanya sampuli za watu wapatao 500,000, ikazigandisha, na tangu hapo inafuatilia afya zao. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya protini karibu 3,000 kutoka kwa zaidi ya watu 54,000 miongoni mwao. Sasa mtafiti anaweza kuchukua damu ya mtu aliyepata mshtuko wa moyo miaka 8 baadaye, akailinganisha na ya mwenzake wa umri uleule ambaye moyo wake ungali mzima, na kuona ni protini zipi zilikuwa zimeanza kubadilika siku ile wote wawili waliponyoosha mkono kutolewa damu.