Mama wa mabondo, USDT na swali la leseni

Mwezi uliopita alinijia ofisini mama mmoja anayefanya biashara ya mabondo pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kwa wasio wa Kanda ya Ziwa: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Kikikaushwa vizuri husafirishwa hadi Hong Kong na China, na kilo yake moja huiacha mbali sana kilo ya minofu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na swali dogo tu."

Akaweka simu mezani. Kioo kimepasuka pembeni, na ndani yake programu ya soko la kripto iko wazi. Mnunuzi wake wa Hong Kong amechoshwa na mambo ya benki, anataka kulipa kwa USDT, sarafu ya mtandaoni (kripto) ambayo thamani yake hufungwa kwenye dola ya Marekani. Mtoto wa dada yake ndiye aliyemfungulia akaunti: namba ya NIDA ikakubaliwa, picha ya uso ikapita, na mzigo mdogo wa kwanza ukalipwa siku hiyohiyo. "Sasa niambie, hawa wenye programu wanaruhusiwa kuhudumia watu wa Tanzania?"

Wengi wanaoniuliza hivyo huwa wameshajijibu: kama ingekuwa marufuku, programu isingefunguka. Ndiyo maana naandika. Duka la programu kwenye simu halikagui leseni za nchi yako. Na soko likichukua namba yako ya NIDA linakuwa limejua wewe ni nani. Wewe bado hujajua lolote kuhusu lenyewe.

Tuanze nyumbani. Novemba 12, 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma: fedha halali nchini ni shilingi, na kuuza, kutangaza au kutumia sarafu za mtandaoni ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni zilizopo. Tangazo si sheria ya Bunge, na mwanasheria mwenzangu anaweza kukaa nami siku nzima tukibishana lina uzito gani mbele ya jaji. Lakini halijafutwa. Na hadi mwisho wa 2025 hatuna sheria ya Bunge inayosema soko la kripto liombe leseni kwa nani, liweke mtaji kiasi gani na litunze vipi mali za wateja. Kwa hiyo anayejitangaza kwamba "amesajiliwa Tanzania" muulize amesajiliwa kama nini. Cheti cha BRELA kinaonyesha kwamba kampuni ipo, basi. Hata saluni inacho.

Hapo huwa naletewa hoja mbili, na zote mbili zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni ya hapahapa Mwanza. Juni 13, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu, na katika hotuba yake akaitaka benki hiyo ianze kujiandaa na mabadiliko ya sarafu za kidijitali. Wiki ile simu yangu haikupumzika, kila mtu anasema Mama Samia ameruhusu. Hakuruhusu. Aliwaambia wajiandae wasije wakashtukizwa. Kilichofuata ni Benki Kuu kutangaza kwamba inatafiti sarafu ya kidijitali ya kwake yenyewe, na mapema 2023 ikasema italiendea jambo hilo kwa tahadhari, hatua kwa hatua. Sarafu ya Benki Kuu na Bitcoin ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kodi. Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia Julai 1, 2024, na anayetakiwa kuikata ni mwenye jukwaa. "Serikali itatozaje kodi kitu haramu?" Mbona inatoza. Sheria ya kodi inaangalia kama kuna kipato, na kipato kikiwepo inadai chake, bila kukusafishia kosa ulilolifanya chini ya sheria nyingine. Sisi wa Mwanza hatuhitaji mfano wa mbali. Machinga walilipia vitambulisho vya shilingi 20,000, na bado ilipofika 2021 wakaambiwa watoke kandokando ya barabara. Kitambulisho kilikuwa halali na mahali palikuwa haparuhusiwi, yote mawili kwa wakati mmoja. Nakiri hata hivyo kwamba kodi hiyo inaonyesha serikali imeshaitambua biashara hii, na kwa maoni yangu sheria ya leseni haiko mbali. Ila mimi simshauri mtu kwa sheria ambayo haijatungwa.

Mama akanikatiza. "Lakini hawa hawako Tanzania. Wako huko kwao. Sheria yetu inawafikiaje?"

Hili ndilo swali lenyewe, na nchi nyingi zimeshalijibu kwa namna moja: wanaangalia mteja amekaa wapi. Kompyuta za soko ziwe popote. Binance, soko kubwa la kripto, iliwahi kujinasibu kwamba haina makao makuu. Novemba 2023 ilikiri makosa Marekani, yakiwemo ya kuhudumia wateja wa Marekani bila kujisajili kama inavyotakiwa, ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4. Mkuu wake Changpeng Zhao akajiuzulu, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi minne. Nigeria mwanzoni mwa 2024 ikawashikilia maofisa wawili wa soko hilohilo waliokuwa wamekuja kwa mazungumzo, na naira ikaondolewa kwenye jukwaa lao.

Ulaya wameacha mlango mdogo. Sheria yao ya mali za kripto inasema kampuni ya nje isiyo na leseni inaweza kumhudumia mteja aliyeitafuta huduma mwenyewe, bila kushawishiwa. Hapa kwetu hakuna mlango wa namna hiyo ulioandikwa, lakini masoko hupenda kujitetea hivyohivyo: sisi hatukumwita, alikuja. Mimi nikiona programu ina Kiswahili, ina shilingi kwenye orodha ya sarafu, na inawalipa vijana kamisheni kwa kila mtu wanayemuunga, siwezi kukubali kwamba mteja wa Kirumba alijiendea mwenyewe.

Vukeni ziwa sasa. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, Rais Ruto akaitia saini Oktoba 2025, na usimamizi ukagawanywa kati ya Benki Kuu yao na mamlaka ya masoko ya mitaji. Uganda, Benki Kuu iliziandikia kampuni za malipo Aprili 2022 ikizikataza kubadilisha kripto kuwa pesa za simu. Ziwa moja, majibu matatu. Mtu wa Kisumu na mtu wa Mwanza wanaweza kuwa na programu ileile kwenye simu, na mmoja ana mahali pa kupeleka malalamiko huku mwingine hana. Leseni ya Nairobi haivuki mpaka wa Sirari.

Nikamwomba mama simu, tukafungua masharti ya matumizi, ukurasa ule ambao kila mtu anaugusa "nakubali" na kupita. Yako kwa Kiingereza, marefu kama barabara ya Shinyanga. Tanzania haikuwa kwenye orodha ya nchi zilizokatazwa. Mama akatabasamu. Nikashuka chini zaidi. Kipengele kimoja kinasema ni wajibu wa mtumiaji kuhakikisha sheria za nchi anamoishi zinamruhusu. Kingine kinataja kampuni anayoingia nayo mkataba: ni ya kisiwani, mbali, na jina lake silo lililoandikwa kwenye programu. Cha tatu kinasema mgogoro wowote utakwenda kwa msuluhishi Hong Kong.

"Kwa hiyo wakinidhulumu nikashtaki Hong Kong?"

"Ndiyo, mama. Kwa gharama yako."

Hayo ni ya mtu aliyejisajili kwa ukweli wake. Wapo vijana wanaotumia VPN, programu inayoficha uko nchi gani, na anwani ya nchi nyingine ili waingie kwenye soko linaloikataa Tanzania. Siku pesa ikizuiwa, jambo la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini ulidanganya. Soko la kripto la FTX lilipoanguka Novemba 2022, nchi ya mteja iligeuka hoja mahakamani: Julai 2025 wasimamizi wa malipo waliomba kuzuia madai ya wateja wa nchi 49, China ikiwemo, kwa sababu sheria za huko zinabana kripto. Ombi hilo waliliondoa baadaye, baada ya wadai kulipinga kwa miezi.

Kinachowaumiza watu wa hapa mara nyingi zaidi lakini ni kidogo kuliko FTX. Benki Kuu ndiyo inayotoa leseni kwa benki na kwa kampuni za pesa za simu, kwa hiyo soko la nje halipati akaunti ya shilingi nchini. Linabaki kuwakutanisha watu tu: wewe unauza USDT, mtu usiyemjua anakutumia shilingi kwa simu, soko linazishikilia USDT mpaka uthibitishe umepokea. Mteja wangu mmoja, kijana wa vifaa vya simu, aliuza hivyo. Programu ilionyesha jina moja la mnunuzi, ujumbe wa muamala ukaja na jina jingine. Akathibitisha. Siku tatu baadaye laini ikafungiwa, ikiwa na pesa ya duka zima, kwa sababu ile fedha ilikuwa imeibwa kwa mtu wa mkoa mwingine. Tulihangaika miezi miwili kati ya kampuni ya simu na polisi. Soko lilitujibu kwa ujumbe uleule mara nne, likitushukuru kwa uvumilivu. Hata ningetaka kulishtaki, hati ya wito ningeipeleka mlango upi?

Kwa hiyo mama nilimjibu: hakuna aliyewapa leseni ya kukuhudumia, tangazo la Benki Kuu linakataza, na kuwapo kwa kodi hakubadilishi hilo. Mnunuzi alipe kwa benki, TT (uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki), kiasi kifanane na ankara na karatasi za mzigo ulizopeleka forodha. Zile USDT zilizobaki usiziongeze, na upige picha kila ukurasa wa miamala kabla hujagusa kitu.

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nina chaja. Akampigia mnunuzi kwa sauti palepale mbele yangu, Kiingereza cha Mwaloni, maneno machache na namba nyingi. Mnunuzi amekubali TT, ila makato ya benki wagawane nusu kwa nusu. Walikuwa bado wanavutana kuhusu hiyo nusu alipokuwa akishuka ngazi.