Mguu ukigoma usimvute: ninavyofundisha dansi kwa watu wenye Parkinson

Mwezi uliopita mzee mmoja mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, aliganda katikati ya studio. Tulikuwa tunavuka chumba kutoka kona moja kwenda nyingine, wawili wawili, alipofika pale sakafu inapobadilika rangi miguu ikagoma, yaani kiwiliwili kinataka kwenda mbele, nyayo zimenata chini kama zimepakwa gundi na magoti yanatetemeka. Mke wake alikuwa amekaa pembeni, akainuka mbio akamshika mkono akaanza kumvuta. Nikamwambia mama, muache kidogo. Nikasimama kando ya mzee tukaanza kuyumba tu, uzito mguu wa kulia, uzito mguu wa kushoto, taratibu, hatuendi popote, huku nahesabu kwa kuimba, mooja, mbili, mooja, mbili. Alafu nikamwambia, mzee, kuna kijito hapo mbele yako, kivuke. Akanyanyua goti, akakivuka, akaenda mpaka kona ya pili bila kusimama.

Watu wanaoona hivo mara ya kwanza huwa wanauliza, sasa mbona kutembea ameshindwa ila kuvuka mto ambao haupo ameweza? Na hilo swali ndio kazi yangu yote.

Iko hivi. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwendo, na kwa mwenye Parkinson zile seli zinakufa kidogo kidogo kwa miaka, dalili zinapoanza kuonekana nyingi zimeshaenda. Dopamini ikipungua, kinachoumia ni ile sehemu ya ubongo inayoendesha vitu tunavyofanya bila kuviwaza: kutembea huku unaongea, kugeuka kitandani, kupepesa macho, kurusha mikono ukitembea. James Parkinson aliuelezea huu ugonjwa mwaka 1817 akaupa jina la kutetemeka, na mpaka leo wengi wanajua ni kutetemeka tu, kumbe wapo wasiotetemeka kabisa. Shida kubwa zaidi kwa wengi ni mwendo kuwa mzito na mdogo, mwili kukakamaa, balansi kupotea. Stepu zinafupika, mwandiko unakuwa mdogo, sauti inashuka, na mwenyewe hata hajijui, yeye anahisi ameongea kawaida.

Ila ile njia ya kujiendesha yenyewe sio njia pekee ya kumfikisha mtu kwenye mwendo. Ukimpa mdundo wa kufuata, au mstari sakafuni, au picha kichwani kama ule mto, mwendo unapita barabara nyingine, unakuwa mwendo wa makusudi. Na dansi imejaa vitu hivyo mwanzo mpaka mwisho. Dansa hatembei tu, anatembea na mdundo, anajua mkono unaanzia wapi na unaishia wapi, ana picha. Kwa hiyo nikisema nawafundisha kama madansa na sio kama wagonjwa sio maneno ya kuwapamba, ndivyo inavyofanya kazi. Nikisema "nyoosha mkono" napata mkono nusu. Nikisema "tupa wavu baharini, mbali, zaidi ya pale" mkono unaenda wote, mgongo unafunguka, na macho yanaufuata.

Darasa tunaanza kwenye viti, karibu nusu saa nzima, na sifanyi hivyo kwa kuwahurumia. Mtu akikaa hofu ya kuanguka inatoka kichwani, na hapo ndio unaweza kumdai mwendo mkubwa kweli. Tunafanya na uso pia. Parkinson inafanya misuli ya uso itulie kama barakoa, watu wa nyumbani wanadhani amekasirika au hasikilizi, kumbe ndani anacheka. Kila mtu anasema jina lake kwa sauti ya kufika ukuta wa mbele na mjongeo wake mmoja, wote tunaurudia. Kuna dada mmoja mkono wake wa kushoto unatetemeka sana na alikuwa anaukalia ili usionekane, na kadiri anavyojitahidi kuuficha ndio unazidi kwa sababu wasiwasi huwa unaongeza kutetemeka. Siku moja akautoa wakati wa jina lake, akauinua, akauacha utetemeke kama jani, na darasa zima tukatetemesha mikono pamoja naye. Hajaukalia tena.

Hapo ndio naipenda dansi ya kisasa kwa kundi hili, kwamba haina umbo moja la lazima. Dansi zingine zinafaa pia, tango ya Argentina kwa mfano, Madeleine Hackney na Gammon Earhart kule Marekani waliifanyia utafiti na washiriki wakapata nafuu kwenye balansi, na ukiiangalia unaelewa, imejaa kuanza, kusimama, kugeuka, kurudi nyuma, mambo yaleyale yanayowatesa. Na haya madarasa yana miaka: Mark Morris Dance Group, kundi la dansi ya kisasa la Marekani, walianza yao Brooklyn, New York, mwaka 2001, baada ya Olie Westheimer wa kundi la watu wenye Parkinson la hapohapo kuwafuata akitaka darasa la dansi kweli, na kutoka pale yameenea nchi nyingi.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, uliza kila mtu amekunywa dawa saa ngapi. Levodopa, dawa yao kuu inayoongeza dopamini, nguvu yake inapanda na kushuka, mtu huyohuyo saa nne anacheza na saa sita hawezi kunyanyuka kwenye kiti, na mlo mzito wa nyama au mayai unaweza kuichelewesha dawa. Usiwasimamishe ghafla, wengi presha ya damu inashuka wakisimama. Kugeuka wafundishe kuzunguka kwa upana, stepu kadhaa, sio kujipindua mguu mmoja ukiwa umebaki chini, wengi wanaangukia hapo. Usiongee nao wakiwa wanatembea. Na tafadhali sana usiwaongeleshe kama watoto, hicho kinaniuma kuliko vyote, mtu amelea familia na kuongoza watu maisha yake yote leo unampigia makofi kwa kunyanyua kidole.

Pia usimuahidi mtu kupona. Dansi hairudishi seli zilizokufa, dawa aendelee nazo kama daktari alivyoandika, na fiziotherapi asiiache. Nilishaona tangazo la darasa linalosema "tiba bila dawa", nilikasirika sana, maana kuna mtu ataacha dozi yake kwa ajili ya tangazo lile.

Yule mama wa mwanzo siku hizi hakai tena pembeni, anacheza na sisi. Juzi akaniambia, mwalimu, kumbe mlango wa bafuni ndio unamgandisha zaidi, usiku, na mimi miaka yote nilikuwa navuta. Sasa wanasimama wote wawili hapo mlangoni, gizagiza, wanayumba kulia kushoto, yeye anahesabu, na mzee akifika kwenye kizingiti anavuka kijito chake.