Umeokoka au umejiboresha?

Jumapili iliyopita kwenye semina ya vijana nimelisikia tena: "Wokovu ni safari ya kuwa toleo bora la wewe mwenyewe." Ukumbi mzima ukaitika amina. Mwezi uliotangulia ilikuwa "okoka ubadili mtazamo, mtazamo ubadili kipato," nikanyamaza. Hili la toleo limenishinda. Matoleo ni ya magazeti.

Kwa ufupi, basi. Wokovu, kwa Wakristo, ni tendo la Mungu la kumtoa mwanadamu katika dhambi na mauti kwa njia ya Yesu Kristo, kufa kwake na kufufuka kwake. Kujiboresha ni juhudi ya mtu kurekebisha tabia, ujuzi au hali yake ya maisha. Kuamka saa kumi alfajiri, kuweka akiba kwenye VICOBA, kuacha pombe: yote mema, na jirani yako asiye na dini anayafanya, pengine kukuzidi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana Kiswahili kilishalimaliza shauri hili kabla ya semina. Kuoka ni kuweka kitu motoni, uwe mkate au muhogo. Ukitaka kutengua tendo, Kiswahili hukupa mwisho wa -ua au -oa: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, choma huzaa chomoa. Na oka huzaa okoa, yaani kutoa motoni. Muhogo haujitoi kwenye makaa kwa kuwa na mtazamo chanya. Lazima uje mkono kutoka nje. Waraka wa Yuda unasema vivyo hivyo, "waokoeni kwa kuwanyakua katika moto," na Zekaria anamwona kuhani mkuu Yoshua kama kinga, yaani kijiti kinachowaka, kilichotolewa motoni. (Ile huduma ya Kenya ya kukopa salio, Okoa Jahazi, imelipatia neno matumizi mazuri, ila ile unailipa, tena na ada juu.)

Kosa, nadhani, limeingilia kwenye "kuokoka". Mwisho wa -ka humficha mtendaji. Kikombe kimevunjika: nani kakivunja? Haisemwi. Nimeokoka: nani kaniokoa? Haisemwi vilevile. Ubaya zaidi, okoka inafanana na ondoka, na kuondoka ni jambo mtu analoliamua mwenyewe, anachukua mkoba wake na kwenda. Ndiyo maana mhubiri anasema "amua kuokoka leo" na sote tunasikia "amua kuondoka leo". Kuitika wito ni jambo moja, kujitoa shimoni ni jingine. Mlinzi wa gereza kule Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka; hakupewa kanuni saba, aliambiwa amwamini Bwana Yesu.

Wapo wanaodhani "mlokole" nalo limetoka kwenye okoa. Hapana. Ile L isingekuwa na mahali pa kutokea. Ni Kiganda: okulokola ni kuokoa, okulokoka ni kuokoka, na balokole ni waliookolewa. Neno lilisambaa na uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika. Walokole wale walikuwa wakali sana katika kubadili maisha, wakiungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Lakini ushuhuda wao ulianza na dhambi na msalaba. Wa siku hizi huanza na "nilikuwa napanga chumba kimoja" na kuishia kwenye kiwanja, na Yesu anatajwa katikati kama mdhamini wa mkopo.

Na mkisoma habari za mateso mtaikuta kauli ya kujiokoa. Wanaoisema ni waliokuwa wakimdhihaki Yesu msalabani: aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe. Semina nzima imejengwa juu ya kitenzi cha wale wenye dhihaka.

Najua kuna atakayenirushia Wafilipi 2:12, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka." Vema, ila asiishie hapo, mstari wa 13 unaendelea na "kwa maana", kisha unasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Mabadiliko ya maisha yanayomfuata aliyeokolewa yana jina lake la zamani, utakaso, na makanisa yetu yanalo katika mafundisho ya kipaimara. Hata huo hauitwi kujiboresha, kwa sababu anayetakasa ni yuleyule aliyeokoa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa semina, sina ugomvi na ratiba yako ya saa kumi alfajiri, wala na daftari la malengo. Endelea nayo, iite nidhamu. Ila Jumapili ijayo ukisimama kushuhudia, jaribu kusema "nimeokolewa" badala ya "nimeokoka". Sentensi haitakaa sawa mpaka uongeze "na", halafu umtaje.