Darubini ikiondolewa Mauna Kea, kinachobaki ni nini?

Kilele cha Mauna Kea, Hawaii, kiko mita 4,205 hivi juu ya usawa wa bahari. Mawingu mengi huzuiwa chini, kwenye mita 2,000 na ushei, kwa sababu tabaka la hewa yenye joto huyafunika kama mfuniko wa sufuria. Juu ya hapo hewa ni kavu na imetulia, na ukavu huo ndio uliowaleta wanaastronomia, kwani mvuke wa maji hunyonya miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kabla haijafika kwenye kioo cha darubini. Darubini 13 zilijengwa huko.

Kwa Wahawaii asilia, huko ni kwa Poliʻahu, mungu wa theluji. Ipo familia inayopeleka kitovu cha mtoto kwenye ziwa Waiau, karibu na kilele. Sisi tunaoulizana kitovu kimezikwa wapi tunaelewa uzito wake. Ndiyo maana tarehe 17 Julai 2019 wazee zaidi ya 30 walikubali kukamatwa barabarani wakizuia ujenzi wa darubini ya TMT, yenye kioo cha mita 30.

Wengi hubishania ujenzi. Mimi naona uondoaji wa darubini ndio unaopima ahadi ya kuutunza mlima. Ardhi ilikodishwa kwa Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1968 kwa miaka 65, na mkataba unakwisha 2033. Darubini ya CSO, yenye sahani ya mita 10.4, ilizimwa 2015, lakini kiwanja chake kilikuja kusafishwa 2024.

Darubini inapoondolewa, kwanza udongo hupimwa: mafuta, maji taka, zebaki. Msishangae zebaki. Baadhi ya darubini huzungushiwa ukanda uliojaa zebaki ukingoni mwa kioo, ili kioo kikiinama uzito wake ugawanyike sawasawa. Imewahi kumwagika wakati wa matengenezo.

Kisha kuba na vyuma hushushwa. Oksijeni kileleni ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani, kwa hiyo wafanyakazi hutulia kwanza kwenye kituo cha Halepōhaku, mita 2,800, mwili uzoee. Akili huzubaa huko juu, na anayefunga mnyororo wa winchi hapaswi kuzubaa. Upepo ukizidi, kreni husimama.

Kinachoharibika kwa urahisi zaidi ni kokoto. Kati ya kokoto za volkano anaishi mdudu mdogo aitwaye wēkiu, anayekula wadudu waliopeperushwa na upepo kutoka chini na kufa kwa baridi. Anahitaji nafasi kati ya jiwe na jiwe. Ukijaza shimo la msingi kwa udongo laini, vumbi huziba nafasi hizo na makao yake yamekwisha, hata kama kwa macho mahali panaonekana pamerudi kama zamani. Kwa hiyo kokoto za kujazia lazima zifanane na za pale kwa ukubwa. Malori nayo huoshwa na kukaguliwa kabla ya kupanda, maana sisimizi mmoja jike mwenye mayai anatosha kuleta balaa.

Sehemu ya kilele iliyosawazishwa kwa tingatinga hairudi umbo lake. Hilo lisemwe wazi kabla ya kuchimba, na fedha za kubomoa zitengwe siku ileile ya kujenga.

Kokoto zikisharudishwa, ili kujua kama wēkiu wamerudi, hufukiwa vikombe vya mtego usawa wa kokoto, vyenye chambo cha uduvi uliosagwa, kisha wēkiu wanaoingia huhesabiwa na kuachiwa wakiwa hai.