Yuko gredi ya nne, lakini hebu msikize akisoma

Wiki hii tena. Baba mtu amesimama mlangoni na bodaboda yake, hata hajashuka, mtoto kakaa nyuma na begi mgongoni, ananambia, "Mwalimu, huyu kusoma anajua, yuko gredi ya nne huyu, we msaidie hesabu tu." Nikamwambia kaka zima pikipiki, shuka, tukae dakika 10. Miaka yote nafanya hii kazi ya kusomesha watoto hapa Malindi, kuanzia Maweni mpaka Muyeye mpaka huko Ganda, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kama haya na hakuna yanayonichoma kama haya, manake yule mzazi hadanganyi, anaamini kabisa, na mtoto anapotelea hapo hapo kwenye ile imani.

Mtoto akatoa kitabu kwenye begi, akafungua ukurasa wenye mbuzi, akasoma. Wallahi alisoma vizuri, sauti juu, kwenye nukta anasimama, babake anatabasamu. Mimi namuangalia macho, na macho hayako kwenye karatasi, yako kwa kuku wanaopita nje. Nikaweka kiganja nikaufunika ukurasa wote. Akaendelea! Akamaliza ule ukurasa akaingia na wa pili ambao hata hatujaufungua. Basi nikachukua chaki nikaandika kwenye kibao neno moja tu la kwenye hadithi ile ile, "majani", nikamwambia nisomee. Kimya. Akaniangalia mdomo.

Hii ya kuangalia mdomo ukishaijua haikutoki tena. Mtoto anayejua kusoma akikwama anaangalia neno, analisogelea, analikunjia uso. Asiyejua anakuangalia wewe mdomoni, anangoja midomo yako ianze ile herufi ya kwanza ili adakie, na wako hodari kweli, ukianza tu "ma..." ashamaliza "mama!" na watu wote wanapiga makofi.

Babake akasema lakini mwalimu angalia daftari, na kweli daftari ni safi, mwandiko mzuri kuliko wangu, tiki nyekundu kila ukurasa. Nikamueleza, kunakili kutoka ubaoni ni kuchora. Mtoto anaweza kuchora sentensi nzima bila kujua imeandikwa nini, na mwalimu mwenye watoto 60 na kitu darasani anapita na kalamu nyekundu anaangalia kama kazi imefanywa, hana nafasi ya kumsikiza kila mmoja akisoma peke yake. Halafu kuna kule kusoma kwa pamoja, ticha anasema darasa zima linaitikia, mtoto anafungua mdomo na wenzake, wiki inapita, muhula unapita, Januari inafika anapanda gredi. Siku hizi mtoto harudii darasa, na KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, imeisha na wale wa 2023, huo mtihani wa gredi ya sita uliopo sasa haumzuii mtu kwenda JSS, yaani sekondari ya chini. Kwa hivyo hakuna mahali pale njiani ambapo mtu atamsimamisha mwanao aseme huyu hajui kusoma. Atapanda tu. Gredi inakwambia amekaa skuli miaka mingapi, basi, haikwambii kitu kingine.

Na ile ripoti ya mwisho wa muhula wazazi wengi wanaisoma vibaya. Ikiandikwa AE mzazi anaona ina A, anafurahi, kumbe maana yake mtoto anakaribia matarajio, yaani hajafika. Ulizeni hapo hapo skulini, hajafika wapi? Kwenye kusoma? Kwenye kuandika? Mwalimu atawaambia, wengi wanataka sana kuulizwa.

Haya si mambo ya Malindi peke yake. Uwezo, wale watu wanaopima kama watoto wanajua kusoma na hesabu, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Kenya kuanzia 2009, walikuwa wanamkalisha mtoto nyumbani kwao wanampa kazi ya kiwango cha darasa la pili, hata kama yeye yuko la saba. Ripoti zao za miaka ile zikawa zinarudia jambo moja, katika kila watoto 10 wa darasa la tatu ni kama 3 tu walioweza kazi ya darasa la pili. Baadaye 2015 ikaja Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, vitabu vikaingia madarasa ya chini kila mtoto na chake, na nilifurahi sana manake kabla ya hapo kitabu kimoja kilikuwa kinavutwa na watoto watatu au wanne. Lakini kitabu hakimfuati mtoto ambaye siku tatu za wiki yuko shamba analinda mahindi nyani wasile.

Kwa hivyo sisi kwenye kikundi chetu cha kusomesha, mtoto akija hatumuulizi gredi. Tuna karatasi moja, juu kuna herufi, chini yake silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, mwisho kihadithi. Pale anapokwama ndo kundi lake. Hii njia ya kuwapanga watoto kwa wanachojua na si kwa umri imetoka India, kwa watu wa Pratham, shirika la elimu la huko, na imeshaenea Afrika, si kitu nimebuni mimi. Ila hapo ndo vita vinapoanza, manake msichana wa miaka 13 anaweza kujikuta kwenye silabi na mtoto wa miaka 8, na mamake anakuja juu, "Ati mwanangu mmemrudisha nasari?" Mama, hajarudishwa popote, hapo ndipo alipoachwa na gari, tunampandia hapo hapo. Mkimficha mnamficha nani?

Na wala si safari ndefu kwa Kiswahili. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, irabu 5 hazibadiliki sauti, silabi karibu zote zinaishia na irabu, mtoto akishika ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, ashapata ufunguo wa maneno mengi sana. Wanakokwama nakujua kwa kichwa: ny, mbw, ng na ng', halafu dh na th na z. Watoto wa nyumba za Kigiriama wanaweza kukusomea "maji" kama "madzi", na hilo si kosa la kusoma, amesoma sawa sawa kwa ulimi wa kwao, usimkate njiani kwa hilo. Nampa mtoto saa moja kwa siku, anakuja kila siku bila kuruka, na miezi mitatu minne wengi wanatoka kwenye silabi wanaingia kwenye aya. Anayekuja Jumatatu akapotea mpaka Ijumaa, huyo kila Ijumaa ni kuanza upya.

Kupima nyumbani ni rahisi na huhitaji mwalimu. Chukua maandishi ambayo mtoto hajawahi kuyaona na hayana picha. Mwanzishe mstari wa mwisho, si wa kwanza. Muonyeshe neno moja moja huku na huku kwa kidole. Halafu muulize, umesoma nini, nambie kwa maneno yako. Huna kitabu? Pakiti ya unga ina maandishi. Kibiriti kina maandishi. Tuktuk na matatu zote zimejaa maneno. Mimi hii pakiti ya unga naisema mpaka watu wamenizoea, kila siku baada ya magharibi, dakika 15, mtoto asome, usingojee vitabu vya hadithi vije.

Na msikize pia kasi. Mtoto anayevuta "m... a... ma... ji... maji" kwa kila neno, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake ushampotea, hajaelewa kitu. Huyo anahitaji mazoezi mengi ya kitu chepesi. Kuongezewa kitabu kigumu kwa sababu eti yuko gredi ya tano kunamrudisha nyuma.

"Atashika tu mbele ya safari." Hatashika. Kuanzia gredi ya nne sayansi inasomwa, hesabu inasomwa, dini inasomwa, kila somo ni maandishi, kwa hivyo asiyesoma anaachwa na masomo yote kwa pamoja. Halafu anaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, halafu anapotea. Nimewakuta wenyewe, mmoja anabeba mawe kule yanakochimbwa, wengine wako kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni na Marereni, na walipokuwa wadogo wote waliambiwa watashika mbele.

"Huyu hana kichwa." Hili nalijibu haraka manake linanitoa machozi. Mtoto anayeambiwa hana kichwa, huko madrasa ameshafika juzuu ya tano, kashika herufi za Kiarabu na fatha na kasra na dhumma zake, nyie mnadhani kashika kwa miguu? Na wale vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano na watalii bila kukaa darasani hata siku moja. Kichwa kipo. Kabla hujasema hana kichwa mpeleke akapimwe macho na masikio, nimeshapata mtoto tuliyemsogeza tu benchi la mbele akaanza kusoma, alikuwa haoni ubao. Na tafadhali, msiniambie "mchape tu mwalimu, nimekupa ruhusa." Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, sheria ya elimu ya 2013 ikalifanya kosa kabisa, na hata kama kusingekuwa na sheria, mtoto anayeogopa hasomi, anakuangalia mkono badala ya herufi.

"Kiswahili anakijua, mfundisheni Kizungu." Anakijua kukiongea, kukisoma bado. Kusoma mtu hujifunza mara moja, na ni rahisi kujifunza kwa lugha unayoielewa, ukishajua unahamisha. Kingereza neno "one" linaandikwa hivyo linatamkwa "wan", sasa mtoto ambaye hajui hata herufi zinafanya kazi gani unamuanzishia hapo? Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, ile ya kamati ya serikali kuhusu elimu, Kenya inasema miaka ya mwanzo mtoto asomeshwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Na bado nikiwapa watoto karatasi ya Kiswahili kuna mzazi ananiona namharibia mtoto wake maisha.

"Shirika lina hela za wafadhili." Kikundi chetu ni cha mtaa, kimesajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii kama vikundi vingine tu, walimu wengi ni vijana waliomaliza fomu foo wanaojitolea, na pesa ikipatikana inaenda kwa vitabu, chaki na nauli. Karo na sare hatuna. Wakati mwingine tunapata madaftari na yanaisha. Nasema wazi hapa kwa sababu kuna watu wanamleta mtoto wiki moja, wakiona hakuna unga wanamtoa, na hiyo wiki moja mtoto alikuwa ashaanza kuunganisha silabi.

Na wageni wanaogawa peni na pipi ufukweni, wanatoa kwa roho safi, naamini hivyo, lakini mtoto akijua kuna peni na pesa ufukweni saa 4 asubuhi hatakuwa darasani saa 4 asubuhi. Ukitaka kutoa, peleka skuli, au kwenye kikundi unachokijua, mpe mwalimu mkononi.

"Msichana akishazaa skuli basi." Si kweli, na si kweli tangu 1994, serikali ilishasema arudi, na 2020 ukatolewa mwongozo mpya unaoeleza anarudi vipi. Mwalimu mkuu akimkataa, mzazi aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nimemsindikiza mmoja mimi mwenyewe, tulirudishwa mara mbili, mara ya tatu akapokelewa.

La mwisho, hili nawaambia kwa upole: "Mimi mwenyewe sikusoma, ntamsaidiaje?" Kuna nyanya mmoja huku kwetu hajui hata herufi moja. Kila jioni anakaa nje anashona makuti yake, mjukuu kakaa pembeni anamsomea. Mtoto akinyamaza, nyanya bila kuinua macho anamuuliza, "Umefika wapi?" Mtoto akisoma kitu kisicho na maana anamwambia, "Hapo mbona sijaelewa, rudia." Basi. Hiyo ndo kazi yote, na ameifanya kuliko wazazi wenye diploma ninaowajua. Na zile ngano anazowahadithia usiku, na vitendawili, vinamjaza mtoto maneno, mtoto mwenye maneno mengi kichwani akikutana nayo kwenye karatasi anayatambua upesi.

Sasa yule wa bodaboda. Babake alikaa kimya muda, akaniuliza, "Kwa hivyo miaka minne yote?" Nikamwambia kaka, mtoto ana miaka 10, ameshika hadithi nzima ya kitabu kwa masikio tu, huyo ana akili sana, mlete kesho. Ameletwa, yuko kundi la silabi, na jana alibishana na mwenzake kwamba hiyo si "nya" ni "nywa".

Wengine tunaandikisha kila Jumamosi asubuhi, saa 2 mpaka saa 5, mzazi aje mwenyewe na mtoto, asimtume na jirani. Na vitabu vyake vya skuli mviache nyumbani, cha kusoma ntampa mimi.