Je, magari ya kasi ya miaka ya 1990 yatakuwa hazina? Dhana potofu na ukweli wake

Anayekaa kibarazani Ngamiani, hapa Tanga, jioni huzoea mambo mawili: mlio wa eksozi za Toyota Altezza zinazokatiza barabara za namba, na ubishi juu ya thamani ya magari hayo. Ubishi huo umekolea tangu simu za mkononi zilipoanza kutuletea bei za minada ya Marekani, Uingereza na Japani, ambako Nissan Skyline GT-R au Toyota Supra ya miaka ya 1990 huuzwa kwa fedha ambazo hapa Tanga zingejenga nyumba na kubaki chenji. Kijana mwenye gari la miaka hiyo huiona bei ile, hulitazama gari lake lililoegeshwa chini ya mwarobaini, kisha hujihesabu kuwa ni mtu mwenye akiba. Katika hesabu hiyo mna ukweli kidogo na makosa mengi, na makosa hayo yamekwisha kuwagharimu watu ninaowafahamu.

Dhana: gari likishazeeka vya kutosha, bei yake hupanda.

Umri peke yake haujawahi kupandisha bei ya gari. Magari mengi hushuka thamani mwaka hadi mwaka, hufika chini kabisa, na hapo huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Machache yanayopanda tena hupandishwa na watu: wale walioyatamani wakiwa na umri wa miaka 15 na hawakuwa na uwezo, ambao sasa wana miaka 45, wana kipato, na wanataka kununua kile walichokikosa. Ndiyo maana magari ya miaka ya 1990 yanazungumzwa leo, kama yalivyozungumzwa ya miaka ya 1960 wakati wazazi wetu walipokuwa watu wazima.

Hata uchache wa gari hautoshi pasipo watu hao. Jaguar ilipotangaza gari lake la XJ220 mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati bei za magari ya kifahari zilipokuwa zikipaa, wanunuzi waligombania kuweka arubuni ya pauni 50,000 kila mmoja. Gari lilipokuwa tayari, mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchumi ulikuwa umeyumba, injini ya silinda 12 iliyoonyeshwa mwanzo ilikuwa imebadilishwa kuwa ya silinda 6 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), na baadhi ya wanunuzi wale wale walikwenda mahakamani ili wajitoe. Yalitengenezwa magari yasiyofika 300, yakiwa na kasi ambayo magari machache sana duniani yaliifikia, na kwa miaka mingi yaliuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya kiwandani. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo wakusanyaji wa magari ya kale wameyarudia. Aliyenunua akitarajia faida ya haraka alisubiri zaidi ya miaka 20, na muda wote huo alilipia bima, hifadhi na mafundi.

Ipo pia sababu ya kisheria ambayo vijana wengi hawaijui. Sheria ya Marekani hairuhusu kuingiza gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo mpaka litimize miaka 25 tangu litoke kiwandani. Skyline GT-R ya toleo la R34 ilianza kutengenezwa mwaka 1999, kwa hiyo mlango wa soko hilo kubwa ulianza kufunguka mwaka 2024, na bei yake ilikuwa imekwisha kupanda kabla ya mwaka huo kwa kuwa wafanyabiashara waliihesabu siku hiyo mapema. Sehemu ya bei tunayoishangaa, basi, imetokana na kalenda.

Dhana: gari langu ni lile lile linalouzwa mnadani.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo. Watengenezaji wa Japani walikuwa na desturi ya kutumia bodi moja kwa magari ya namna nyingi, kuanzia la mzee wa kwenda msikitini hadi la kijana wa kwenda kushindana. Bodi hulingana, lakini thamani hailingani hata kidogo.

Chukua Altezza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005. Mitaani kwetu yenye silinda 6 huhesabiwa kuwa ndiyo kubwa, na madalali huisifia hivyo. Ukweli ni kinyume. Ile ya silinda 6, AS200, ina injini ya 1G-FE yenye nguvu za farasi 160, injini ya upole inayopatikana pia kwenye Toyota Mark II ya GX100. Iliyokusudiwa kwa mwendo ni RS200 ya silinda 4, yenye injini ya 3S-GE inayofikisha nguvu za farasi 210 ikiwa na gia za mkono. Anayetaka kujua asihesabu silinda, bali asome namba ya chesisi: GXE10 ni ile ya upole, SXE10 ni ile ya mwendo. Nimewahi kumwona mtu akiongeza fedha ili apate silinda 6 akidhani ananunua adimu, na muuzaji wala hakumdanganya, kwani naye aliamini hivyo hivyo.

Mark II nazo ni vivyo hivyo. GX100 zilizojaa Tanga kwa miaka mingi zinafanana kwa sura na JZX100 Tourer V, lakini Tourer V ina injini ya 1JZ-GTE yenye tabo na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho makampuni ya Japani yalikubaliana kutokukivuka katika matangazo yao, hata pale injini ilipokuwa na nguvu zaidi. Wakusanyaji wa nje wanaitafuta Tourer V, hasa iliyotoka kiwandani na gia za mkono. GX100 ni gari jema la familia, linalovumilia barabara na mafuta ya kupimwa, lakini hakuna mnada unaolisubiri.

Hata ndani ya jina lenye heshima kuna ngazi. Skyline GT-R za R32 zilitengenezwa takriban 43,900, ilhali za R34 ni takriban 11,500, na Skyline za kawaida, zisizo GT-R, ni nyingi kuliko zote. Subaru Impreza za miaka ya 1990 ni tele, ila 22B ya mwaka 1998, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya Subaru na ushindi wake katika mashindano ya dunia ya rali, zilikuwa 400 tu kwa soko la Japani. Kubandika bampa na bawa la 22B kwenye Impreza ya kawaida hakuliongezi gari hilo kwenye idadi hiyo.

Dhana: namba ya usajili inaonyesha umri wa gari.

Hii ni ya kwetu wenyewe. Tunasema gari ni "namba A" au "namba D" kana kwamba herufi ile iliandikwa kiwandani. Herufi inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Gari la mwaka 1998 lililoshushwa bandarini miaka 15 baadaye litakuwa na herufi ya mbele kuliko la mwaka 2001 lililowahi kuingia. Jambo la ajabu ni kwamba kwa mkusanyaji "namba A" tunayoidharau inaweza kuwa sifa, ikiwa imekaa kwa mmiliki mmoja na karatasi zake zote zipo.

Dhana: nikiliboresha, nitaliongezea thamani.

Mwenye gari hulipamba kwa ajili yake, na hiyo ni haki yake. Mkusanyaji, hata hivyo, hununua kile kilichotoka kiwandani. Rimu kubwa, taa za rangi, chemchemi zilizokatwa ili gari lilale chini, usukani wa duka la vipuri na eksozi iliyotolewa kizibo chake ni vitu ambavyo mnunuzi wa namna hiyo huvihesabu kama gharama, kwa sababu itampasa kuvitoa na kutafuta vya asili, ambavyo pengine havipo tena. Kubadilisha injini ni gharama kubwa zaidi, hasa pale namba ya injini isipolingana tena na kadi ya gari. Mwaka 2020 Honda Civic Si ya mwaka 2000, gari la kawaida la vijana wa Marekani, iliuzwa mnadani kwa dola 50,000. Haikuwa na tabo wala bawa la ajabu. Ilikuwa imetembea maili zipatazo 5,600 na hakuna aliyeigusa. Maelfu ya Civic za aina hiyo zilikwisha kupambwa mpaka zikaisha, na iliyosalimika ndiyo iliyopata bei.

Kuna jambo la pembeni linalohusiana. Supra moja ya mwaka 1994, yenye rangi ya chungwa na michoro ubavuni, iliuzwa kwa dola 550,000 mwaka 2021, nayo ilikuwa imepambwa kweli kweli. Lakini ile ilitumika kuigizia filamu iliyopendwa duniani kote. Anayetaka kulipaka gari lake michoro ile alipake kwa furaha yake, asilipake kwa hesabu ya faida.

Dhana: nikiliegesha na kulifunika, litajitunza.

Kwingineko huenda, Tanga hapana. Hewa ya Raskazone na Sahare ina chumvi, na unyevu wake hauondoki hata miezi ya kiangazi. Turubai la nailoni, ambalo wengi hulitandaza wakidhani wanaokoa rangi, huhifadhi unyevu chini yake, na kutu huanzia mahali pasipoonekana: chini ya mazulia, kwenye kingo za milango, na kwenye bomba za breki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Petroli iliyokaa huacha utando kwenye nozeli. Mipira ya kuzuia oili hukauka na kupasuka kwa kutotumika, na matairi huzeeka hata kama hayajagusa lami; namba nne zilizo ubavuni mwake hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, na anayenunua gari la kale afanye kuzisoma kabla ya kutazama odometa. Ni afadhali gari linalokwenda Muheza na kurudi mara mbili kwa mwezi, likipashwa moto, likaoshwa kwa chini na kuanikwa, kuliko lililolala miaka 5 chini ya turubai.

Dhana: bei ya nje ni bei ya hapa.

Bei ni ya mahali palipo na mnunuzi. Mnunuzi wa Tanga huuliza ulaji wa mafuta, upatikanaji wa spea na urahisi wa kuliuza tena, na kwa maswali hayo Toyota IST ndogo humshinda Supra. Kulipeleka Kenya si njia, ingawa mpaka wa Horohoro si mbali, kwa kuwa Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane. Kulisafirisha hadi kwa mnunuzi wa mbali kunahitaji karatasi kamili na gari ambalo halitamwaibisha mwenye kulipokea. Na anayetaka kuagiza gari la namna hii kutoka Japani akumbuke kwamba gari lililopita miaka kumi hutozwa hapa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Faida anayoiota inaanzia nyuma ya mstari.

Upo pia upotofu wa upande wa pili, wa wazee wasemao kwamba gari la Kijapani ni la kutumia na kutupa. Toyota 2000GT, iliyotengenezwa chini ya magari 400 kati ya mwaka 1967 na 1970, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja mwaka 2013. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilikuwa ya bei nafuu katika siku zake, na leo hutunzwa kama yai. Impreza ambayo dereva wa rali Colin McRae alishinda nayo Safari ya mwaka 1997 ilikuwa ndugu wa zile tulizoziona barabarani. Wazee hao wanakosea kwa kujumlisha, kama vijana wanavyokosea.

Jirani yangu mmoja ana Altezza ambayo namba yake ya chesisi inaanza na SXE10, ina gia za mkono, na bodi yake haijapigwa puti. Nilipomweleza maana ya herufi hizo alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba eksozi ya asili, rimu na shokapu alizovua mwaka wa kwanza aliziuza kwa kilo. Tangu hapo amekuwa akizunguka Makorora na Mwanzange kwa wanunuzi wa vyuma, akiwaonyesha picha kwenye simu yake.